Mwongozo Uje Baada: Ulysses, Nagona na Vijitabu vya Mtihani

Jioni ya tarehe 7 Desemba 1921, katika duka la vitabu la Adrienne Monnier mjini Paris, mwandishi Mfaransa Valery Larbaud alisimama mbele ya watu waliobanana kati ya rafu akawafafanulia riwaya ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuinunua ikiwa kamili. Vipande vyake vilikwisha kutoka katika jarida moja la Marekani, lakini kitabu kizima kilikuwa bado mikononi mwa wapiga chapa, na mtunzi, James Joyce, alikuwa akiendelea kuongeza maneno pembezoni mwa kurasa za majaribio. Ulysses ilitoka tarehe 2 Februari 1922, siku Joyce alipotimiza miaka 40. Hivyo riwaya inayohesabiwa kuwa miongoni mwa ngumu kabisa za karne ya 20 ilipata mwongozo kabla haijazaliwa, na mwongozo wenyewe ulikuwa mhadhara wa hadhara kama huu.

Habari hii iwafikie walimu wa fasihi wa Nairobi na Dodoma ambao, wakimkuta mwanafunzi na mwongozo chini ya dawati, humtazama kama mtu aliyefumaniwa na mali ya wizi. Joyce mwenyewe hakuona haya. Mnamo Septemba 1920 alimpelekea Carlo Linati, mfasiri wa Kiitalia, jedwali lililoigawa riwaya yake sura kwa sura. Mwaka uliofuata akatengeneza jingine, akamkopesha Larbaud ili apate la kusema jioni ile. Katika majedwali hayo karibu kila sura imepangiwa saa yake, mahali pake na taaluma yake, na sura nyingi zimepewa rangi na hata kiungo cha mwili. Sura ya nne ina figo. Na kweli katika sura hiyo mhusika mkuu, Leopold Bloom, anatoka nyumbani asubuhi kwenda kununua figo la nguruwe. Sura ya nane ina umio; na kweli Bloom anazunguka mjini na njaa yake mpaka anapoingia kwenye baa ya Davy Byrne kula mkate wenye jibini na glasi ya divai.

Kuna jambo wasomaji wengi hawalitambui. Majina ya sura za Ulysses yanayotajwa katika kila darasa la chuo kikuu, kama Telemachus, Calypso, Circe na Penelope, hayamo kitabuni. Joyce aliyaondoa kabla ya kuchapisha. Yanajulikana kwa sababu ya miongozo tu. Mtu akisoma riwaya peke yake, bila kumsikia mwalimu wala kufungua kijitabu, atakutana na sura 18 zisizo na jina, na anaweza kufika ukurasa wa mwisho bila kushuku kwamba kila moja inatembea sambamba na safari ya Odysseus katika utenzi wa Homer. Jina la kitabu pekee ndilo limebaki mlangoni kumkonyeza.

Kwa hiyo tusibishane kama miongozo iruhusiwe au ipigwe marufuku. Dai la mhadhara huu ni jingine: kosa hutokea katika wakati mwongozo unaposomwa, na katika kazi unayopewa. Upo ujuzi ambao umbali umemnyima msomaji, kwa mfano ramani ya mji, taratibu za ibada, majina ya wanasiasa waliokufa, thamani ya shilingi ya zamani. Hayo mwongozo unaweza kumletea. Kumsomea, hauwezi.

Kitabu cha kwanza kamili cha kuieleza Ulysses kiliandikwa na Stuart Gilbert, Mwingereza aliyekuwa jaji wa kikoloni huko Burma kabla ya kuhamia Paris. Kilitoka mwaka 1930, Joyce akiwa nyuma ya bega lake. Wanaokilaumu husema kimejaa nukuu ndefu mno. Wanasahau sababu. Wakati huo Ulysses ilikuwa imepigwa marufuku Uingereza na Marekani kwa madai ya uchafu, na Gilbert alinukuu kwa ukarimu kwa sababu wasomaji wake wengi hawakuwa na njia ya halali ya kuipata riwaya. Mwongozo ulifanya kazi ya kuvusha bidhaa mpakani. Afrika Mashariki inaijua hali ya namna hiyo: Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilizuiwa kwanza katika shule za Tanzania, kisha miaka ikapita, ikaja kuwa kitabu cha kusomwa shuleni.

Kisa cha Marekani kinachekesha zaidi. Mwaka 1932 mchapishaji Bennett Cerf wa Random House alitaka kuipeleka marufuku hiyo mahakamani. Kwanza ilibidi kitabu kikamatwe bandarini New York. Lakini Cerf alikuwa na tatizo la kisheria: alitaka jaji ayaone maoni ya wahakiki wakubwa, na maoni hayo yasingekubaliwa kirahisi kuwa ushahidi. Basi makala za wahakiki zikabandikwa kwa gundi ndani ya nakala yenyewe, ziwe sehemu ya kielelezo. Nakala ikasafirishwa kwa meli, na ofisa wa forodha, aliyekwisha choka kuona abiria wakishuka na kitabu kilekile, akataka kuiacha ipite. Wakala wa Cerf akamshikilia: hapana, kagua, kamata! Ndivyo Ulysses ilivyofika mahakamani, imenenepa kwa miongozo iliyogandishwa tumboni mwake.

Jaji John Woolsey alitoa hukumu tarehe 6 Desemba 1933 na kukiruhusu kitabu. Ndani ya hukumu hiyo alikiri kwamba riwaya hii si rahisi kusomwa wala kueleweka, na kwamba anayetaka kuikaribia ipasavyo inamfaa asome vitabu kadhaa vilivyokwisha kuandikwa kuihusu. Jaji wa mahakama ya serikali kuu ya Marekani alitumia miongozo, akasema hadharani kwamba ametumia. Random House ilipoitoa Ulysses mwaka 1934 iliiweka hukumu hiyo mbele ya riwaya, na ikalipia tangazo jaridani lililowafundisha wasomaji jinsi ya kuifurahia, likiwa na ramani ya Dublin na orodha ya wahusika. Tangazo la biashara likawa somo la fasihi. Ni vigumu kukumbuka tangazo jingine la vitabu lililofanya kazi ya maana kama hiyo.

Sasa, je, mwongozo upi? Hapa wakubwa wenyewe hawakuelewana. Vladimir Nabokov, aliyefundisha riwaya hii katika Chuo Kikuu cha Cornell, hakuwa na subira na majedwali ya Homer, rangi na viungo vya mwili. Aliyaona ni majivuno matupu. Alitaka walimu wachore ramani ya Dublin na kuonyesha njia za Bloom na za kijana Stephen Dedalus zinavyokaribiana na kupishana siku ile ya tarehe 16 Juni 1904. Darasani alichora kweli. Na alikuwa na hoja, kwa sababu Joyce alitunga namna hiyohiyo. Rafiki yake Frank Budgen ameeleza jinsi alivyoiandika sura ya kumi akiwa na ramani ya mji mezani, njia za padri Conmee na za msafara wa gavana zikiwa zimechorwa kwa wino mwekundu.

Mhadhara huu unasimama upande wa Nabokov, ingawa si kwa asilimia mia. Ramani haimwambii msomaji afikiri nini. Inamwambia alipo, kisha inanyamaza. Jedwali la viungo na rangi, kinyume chake, lina tabia ya kujibu swali ambalo msomaji hajaliuliza bado; akishajua kwamba sura ya nane ni umio, kila tonge analoliona linakuwa ushahidi, na njaa ya Bloom haimgusi tena.

Tuangalie ukurasa wa kwanza kwa karibu. Juu ya mnara wa zamani wa jeshi huko Sandycove, kando ya bahari, kijana mnene anayeitwa Buck Mulligan anapanda ngazi kwenda kunyoa ndevu. Amebeba bakuli la povu la sabuni, na juu ya bakuli kioo na wembe vimelala kwa kupishana. Ananyanyua bakuli juu na kuimba maneno ya Kilatini. Msomaji asiyejua Misa ya Kikatoliki ya zama zile ataona mtu mwenye mzaha anayenyoa. Mwongozo mzuri, kama ule mnene wa maelezo ya Don Gifford, utampa sentensi mbili tatu: maneno yale ndiyo yaliyofungua Misa, bakuli limechukua nafasi ya kikombe cha altare, kioo na wembe vimefanya msalaba. Baada ya hapo msomaji arudi kwenye ukurasa. Atagundua kwamba ucheshi umeongezeka, na kwamba ndani ya ucheshi kuna kufuru inayomchoma mtu mwingine aliyepo pale, Stephen, ambaye alikataa kupiga magoti mama yake alipokuwa anakufa.

Lakini mzee wa Bukoba au Peramiho aliyetumikia altareni utotoni, kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano wa mwaka 1962 hadi 1965 kufungua njia ya Misa kwa Kiswahili, hahitaji maelezo hayo hata kidogo. Angecheka, au angekasirika, kabla ya mhadhiri wa London aliyekulia katika nyumba isiyo na dini. Ugumu wa kitabu haumo kitabuni peke yake. Kila msomaji huja na upungufu wake, na mwongozo uliochapishwa kwa ajili ya wanafunzi wa Chicago unaeleza kwa kirefu anachokijua mtu wa Mwanza na kuruka asichokijua. Ndiyo maana kuisoma miongozo bila kuchagua ni kupoteza muda.

Pwani ya Afrika Mashariki ina utaratibu wake wa zamani katika jambo hili. Katika darsa za tafsiri, hasa za mwezi wa Ramadhani, kitabu cha Tafsir al-Jalalayn, kilichoandikwa Misri katika karne ya 15, husomeshwa kwa mpangilio maalumu: aya husomwa kwa Kiarabu, hufuata maelezo ya kitabu, kisha sheikh hufafanua kwa Kiswahili na wanafunzi huuliza. Katika kitabu hicho maneno ya aya na maelezo yake yamefumwa pamoja, hata haiwezekani kuyasoma maelezo bila kuikuta aya. Sharhe, yaani maelezo, haijawahi kuwa na maisha yake mbali na matni, yaani maandishi yenyewe. Lamu na Zanzibar hakuna anayejisifu kuwa amemaliza sharhe ya kitabu ambacho hajakifungua.

Katika mitihani ya shule, mambo yamegeuka. Chukua karatasi ya fasihi ya KCSE nchini Kenya. Mtahiniwa hupewa maneno machache kutoka katika riwaya, na swali la kwanza humwambia aeleze muktadha wa dondoo, alama nne. Kila mwalimu anajua alama hizo zinavyogawanywa: msemaji ni nani, anamwambia nani, wako wapi, na kwa sababu gani. Kwa kuwa swali lina vipande vinne, mwongozo nao huikata riwaya nzima katika vipande vinne vinne, tayari kukaririwa. Tanzania swali la kidato cha nne huja kwa sura nyingine, likitaka hoja tatu kutoka katika kila riwaya, na vitini vinavyouzwa karibu na stendi za mabasi vina hoja tatu za Takadini na tatu za Joka la Mdimu, hazizidi, hazipungui. Vyuoni wanafunzi huviita madesa, na kuna wanaohitimu wakiwa wamebeba madesa mengi kuliko vitabu.

Tusiwalaumu watunzi wa vijitabu hivi kupita kiasi. Wanajibu swali waliloulizwa. Shule nyingi zina nakala chache za riwaya kwa darasa zima, na mzazi aliyekwisha lipa karo huona afadhali kununua kitabu kimoja chembamba kinachoahidi alama. Hata biashara yenyewe haikuanzia hapa. Vile vijitabu vya manjano na meusi vya CliffsNotes vilianza mwaka 1958 mjini Lincoln, Nebraska, Clifton Hillegass alipochapisha miongozo ya tamthilia 16 za Shakespeare kwa kibali cha wenye duka la vitabu la Coles wa Kanada. Hillegass alikuwa akiweka ndani ya vijitabu hivyo onyo lenye sahihi yake kwamba havikukusudiwa kuchukua nafasi ya kazi yenyewe. Wanafunzi wa Marekani waliliruka onyo hilo kwa bidii ileile wanayoliruka nayo wa kwetu.

Madhara yanaonekana vizuri katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980 na kuwahi kutahiniwa Kenya. Fungua mwongozo wowote wa kawaida, utafute Maimuna. Utakuta orodha: mtiifu, mwasi, mlevi, malaya, mwenye majuto, kila sifa na mfano wake. Hakuna lililo uongo. Lakini orodha haina wakati. Katika riwaya, msomaji anakaa kwanza na binti aliyefungiwa ndani na baba yake, Bwana Maksuudi, anausikia mlango usiofunguka, anatoroka naye, anaporomoka naye katika ulevi na kuuza mwili, mpaka anapofika kwenye ndoa na Kabi akiwa mtu mwingine. Uasi wake unatokana na kufungiwa kwake. Ulevi unatokana na uasi uliokosa pa kwenda. Mwongozo umeyatandaza yote kwenye mstari mmoja, Maimuna mtiifu amekaa kando ya Maimuna mlevi kama majirani, na chanzo kimepotea. Mwanafunzi atapata alama zake tano. Swali la kwa nini, ambalo ndilo Said Ahmed aliloliandikia kitabu, halitamjia kabisa.

Na mtu akitaka kejeli, iko katika Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora. Ndani yake mwalimu Majisifu anajipatia sifa kwa kuuchapisha mswada ulioibwa kwa kijana Amani. Riwaya hiyohiyo, ilipokuwa kitabu teule cha KCSE, iliandikiwa miongozo mingi, na baadhi ya miongozo hiyo ikatolewa fotokopi na kuuzwa na watu ambao hawakuandika hata mstari.

Mtihani mgumu kuliko yote kwa miongozo ya Kiswahili ni Kezilahabi wa mwisho. Nagona ilitoka mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, vitabu vyembamba sana. Mtu anaweza kukimaliza kimoja kati ya chakula cha mchana na magharibi, akabaki hajui amesoma nini. Aliyezoea Rosa Mistika au Dunia Uwanja wa Fujo hupigwa na bumbuazi. Msimulizi hana jina, safari haina ramani, wafu na walio hai wanazungumza, wanafalsafa wa Ulaya wanachungulia, na Nagona mwenyewe, anayetafutwa kurasa zote, hashikiki. Ukienda na vichwa vya kawaida vya dhamira, wahusika, mandhari na ujumbe, utarudi mikono mitupu. Mandhari yako wapi? Ujumbe ni upi? Wahakiki wa Kiswahili na wa Ulaya wamekuwa wakiziandikia riwaya hizi mbili kwa zaidi ya miaka 30 na hawajakubaliana.

Kezilahabi hakufika hapo kwa bahati mbaya. Tasnifu yake ya uzamivu, aliyoiwasilisha Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1985, inahusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Miaka mitano baadaye alitoa riwaya inayokataa kufasiriwa kwa ufupi. Mwongozo unaotangaza kwamba Nagona ni ukweli, nukta, umesema jambo lisilo uongo na umemfungia msomaji mlango, maana kazi yote ya kitabu iko katika kumkimbiza.

Hata hivyo kuna mwongozo wa Nagona ambao ungefaa sana, na ungekuwa wa aina aliyoitaka Nabokov. Ungekuwa na kurasa chache tu: ni nini Plato alisema kuhusu ukweli, na ni nini Nietzsche alikiharibu, simulizi za kijadi za Ukerewe, kisiwa alikozaliwa Kezilahabi mwaka 1944, mambo ya kitubio na imani ambayo mtunzi, aliyepita seminari, aliyajua kwa moyo kama Joyce aliyelelewa na Wajesuiti. Ukurasa wa mwisho ungeachwa mweupe. Wachapishaji wa Dar es Salaam na Nairobi wanaombwa walichukue wazo hili bila malipo.

Kanuni ya mwongozo uje baada ina upungufu wake, na ni haki kuutaja. Katika sura ya 14 ya Ulysses, mwanamke anajifungua hospitalini mtaa wa Holles huku lugha yenyewe ikikua kutoka nathari kongwe ya Kiingereza hadi vurugu ya mtaani. Asiyeambiwa mapema kwamba mtunzi anaiga karne moja baada ya nyingine atadhani kiwanda cha uchapaji kimekosea. Hapo mwongozo utangulie, aya moja yatosha. Mahali pengine msomaji avumilie kutoelewa. Virginia Woolf mwaka 1922 aliishiwa na uvumilivu baada ya kurasa 200 hivi, naye alikuwa mmoja wa wasomaji hodari kabisa wa zama zake, kwa hiyo anayekwama hana la kuonea aibu.

Anayetaka kujaribu mwaka huu hahitaji kununua kitu. Joyce alifariki mwaka 1941, hakimiliki ya Ulysses imekwisha katika nchi nyingi, na kitabu kizima kinapatikana bure kwenye intaneti. Asianzie sura ya kwanza. Aanzie ya nne, saa mbili asubuhi, nyumba namba 7 mtaa wa Eccles, Bloom anapompa paka maziwa na kumwandalia mkewe kifungua kinywa. Asome sura nzima kwa kukaa mara moja, apige mstari asipoelewa, asisimame. Kisha afungue mwongozo kwa ajili ya mistari hiyo tu, na kabla ya kulala aisome sura ile tena. Anayependa Kiswahili afanye vivyo hivyo na sura ya kwanza ya Nagona, na akiwa mwalimu, awape wanafunzi wake riwaya Jumatatu na kuwaruhusu mwongozo Ijumaa.